Mkimbiaji na Misuli ya Nyuma ya Paja

Kabla hujasoma zaidi, keti vizuri juu ya kiti, nyayo zote mbili ziwe chini. Kisha kandamiza kisigino cha mguu wa kuume sakafuni, kana kwamba wataka kukivuta chini ya kiti, lakini kisisogee. Sasa tia mkono nyuma ya goti. Je, wagusa nini? Upande wa nje utagusa kamba moja ngumu, na upande wa ndani utagusa kamba nyingine, nazo zimekazwa kama kamba za kitanda kipya. Kamba hizo ni kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Zifuate kwa vidole kwenda juu, utaona zinalainika na kunenepa na kuwa nyama. Nyama hiyo ndiyo misuli ya nyuma ya paja, nayo ndiyo habari ya somo letu.

Misuli hiyo ni mitatu katika kila paja. Miwili hupita upande wa ndani wa goti, na mmoja hupita upande wa nje. Chanzo chake kiko juu kabisa, katika mfupa wa kukalia, ule unaokuuma ukikaa siku nzima juu ya benchi la mbao. Ila msuli wa nje una kichwa cha pili kilicho kifupi, nacho huanzia katika mfupa wa paja wenyewe. Mwisho wa misuli hiyo uko chini ya goti, katika mifupa miwili ya mguu. Mwenye shaka na atazame siku mbuzi anapochunwa. Paja la nyuma la mbuzi lina misuli ya namna hii, na kano zake nyeupe huonekana wazi kabla mchinjaji hajazikata. Mimi huwapeleka wanafunzi wangu watazame, nao hujifunza zaidi hapo kuliko katika picha ninayowachorea ubaoni, maana mimi si mchoraji.

Sasa fikiri jinsi misuli hiyo ilivyopangwa. Misuli mingi ya mwili hupita juu ya kiungo kimoja tu, lakini hii hupita nyuma ya viungo viwili, nyonga na goti. Kwa hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kulikunja goti. Ya pili ni kulivuta paja kwenda nyuma, ikisaidiana na misuli mikubwa ya makalio. Kazi hii ya pili ndiyo inayomsukuma mkimbiaji mbele. Mguu ukiisha kukanyaga, paja huvutwa nyuma kwa nguvu, na kwa kuwa ardhi haisogei, mwili ndio unaokwenda mbele. Ndivyo afanyavyo mpiga kasia: hulivuta kasia nyuma, na mtumbwi ukaenda mbele.

Ukimwuliza mtoto nguvu za mbio ziko wapi, mara nyingi atajipiga mbele ya paja, maana ndiko anakokuona. Tena atakuambia kwamba mwenye kasi ni yule anayeipeleka miguu upesi upesi hewani. Mambo hayako hivyo kabisa. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walitoa habari ya uchunguzi wao juu ya wakimbiaji wa kasi mbalimbali. Waliona kwamba mtu mwenye kasi na mtu mzito wa mbio, kila mmoja akikimbia kwa kasi yake yote, hurudisha mguu mbele kwa muda ulio karibu sawasawa. Tofauti ilikuwa katika kukanyaga. Mwenye kasi huikanyaga ardhi kwa nguvu zaidi kuliko mwenzake, naye hufanya hivyo kwa muda mfupi sana, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde au hata chini ya hapo. Basi mtu atakaye kasi sharti awe na miguu yenye nguvu za kuipiga ardhi, wala si miguu ya kupepea tu.

Lakini nimesema nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari.

Mguu ukiisha kusukuma nyuma, hukunjwa, hupita chini ya mwili, kisha hurushwa mbele ili ukanyage tena. Hapo sehemu ya chini ya goti hutupwa mbele kwa nguvu nyingi. Kama hakuna cha kuizuia, goti lingenyoka kwa kishindo. Nani huizuia? Ni misuli ile ile ya nyuma ya paja. Katika kitambo hicho kidogo kabla unyayo haujagusa chini, misuli hiyo hukaza kwa nguvu, na huku inavutwa na kurefushwa. Hukaza na kurefuka kwa wakati mmoja.

Jambo hili huwasumbua wanafunzi wangu kila mwaka, kwa hiyo nitatoa mfano. Umepanda mwembe pamoja na mdogo wako, naye ameogopa kushuka. Unamshika mikono na kumteremsha polepole mpaka kaka yenu aliye chini ampokee. Tazama mikono yako: kwanza imekunjwa, kisha inanyoka kidogo kidogo. Je, misuli ya mikono imelala? Haikulala hata kidogo. Ingelala, mtoto angeanguka. Imekaza kweli kweli, na huku inarefuka kwa sababu ya uzito wa mtoto. Kesho yake utaona mikono yakuuma kuliko siku uliyovuta ndoo kisimani. Kazi ya namna hii msuli huiweza, tena hubeba uzito mkubwa kuliko unaoweza kuuinua. Lakini ndiyo kazi inayouchana usipokuwa umeizoea. Na wengi wa wakimbiaji wanaochanika huchanika hapo, mguu ukiwa hewani mbele ya mwili. Unaochanika zaidi ni ule msuli wa upande wa nje.

Hata aliye hodari kuliko wote hakusalimika. Usain Bolt wa Jamaika alikimbia meta 100 mjini Berlin tarehe 16 Agosti 2009 kwa muda wa sekunde 9.58, mbio ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzikimbia kabla yake. Miaka minane baadaye, tarehe 12 Agosti 2017, alikuwa London akikimbia mara ya mwisho katika mashindano ya dunia. Zilikuwa mbio za kupokezana vijiti, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho katika wanne wao. Alipokea kijiti, akaanza kuwafukuza walio mbele, kisha ghafula akajishika paja la kushoto, akaruka kwa mguu mmoja, akaanguka. Misuli ya nyuma ya paja ilikuwa imeumia. Mwenzake, Yohan Blake, alisema baadaye kwamba walikuwa wamengojeshwa muda mrefu kabla ya kuitwa kukimbia, hata miili ikapoa. Likumbuke neno hilo la kupoa, maana nitalirudia.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mkimbiaji wa mbio fupi hasifiwi kama wa mbio ndefu. Watu husema, "Sisi ni watu wa mbio ndefu, za kasi tuwaachie wengine." Wanaosema hivyo wamesahau habari za Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 1962, katika mashindano ya nchi za Jumuiya ya Madola yaliyofanyika Perth, Australia, alishinda mbio za yadi 100 na za yadi 220 pia, akawa Mkenya wa kwanza kupata nishani ya dhahabu katika mashindano hayo. Kisha zikapita siku nyingi. Tarehe 18 Septemba 2021, mjini Nairobi, Ferdinand Omanyala, ambaye zamani alikuwa mchezaji wa raga, alikimbia meta 100 kwa sekunde 9.77, na hapo hapakuwa na mtu wa Afrika aliyewahi kufika hapo. Mwaka uliofuata, mjini Birmingham, alishinda meta 100 katika mashindano yale yale ya Jumuiya ya Madola, miaka 60 tangu Antao.

Nami nilikuwa na kijana mmoja wa Darasa la Sita aliyekuwa na kasi. Sitalitaja jina lake. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu, na alipokimbia visigino vyake havikusikika. Nilifurahi naye mno, na furaha yangu ndiyo iliyomwumiza. Siku ya mashindano na shule za jirani alishinda meta 100 asubuhi. Kisha tukaketi chini ya mti kungoja. Tulingoja mpaka jua likapita utosi, watoto wakala maembe wakalala majanini. Kabla ya mbio za vijiti alinijia akasema, "Mwalimu, nyuma ya paja panavuta." Nikamjibu, "Jikaze, mwanangu, ni meta 100 tu." Sikumwambia atembee wala arukeruke ili mwili upate moto, nilimwamsha na kumsimamisha mahali pake. Alipokea kijiti vizuri. Alipofika kama meta 60 nikamwona anajishika paja, naye akaenda kando akirukaruka kwa mguu mmoja kama ndege aliyevunjika.

Wala kosa langu halikuishia hapo. Watu wakaja mbio na maji ya moto na mafuta, wakamkanda kwa bidii, nami nikawaacha wakande, nikidhani ni dawa. Jioni nyuma ya paja palikuwa peusi mpaka gotini. Tabibu wa zahanati alipomwona alinitazama kwanza mimi, kisha akasema, "Mwalimu, msuli uliochanika unatoka damu ndani. Mkiukanda na kuutia moto, mnauongezea damu." Kisha akambonyeza kijana pale juu, kwenye mfupa wa kukalia, akamwuliza kama panauma. Sikuelewa sababu, naye akanieleza. Kwa mtu mzima mfupa umekomaa, kwa hiyo kinachochanika ni nyama au kano. Lakini kwa kijana anayekua, mahali pale kano inaposhika mfupa pana sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa kamili. Mvuto mkubwa wa ghafula waweza kung'oa kipande cha mfupa pamoja na kano. Kwa hiyo alitutuma hospitali ipigwe picha ya mifupa. Namshukuru Mungu, mfupa ulikuwa mzima. Lakini kijana hakukimbia tena mwaka ule katika mashindano yoyote, na wenzake walikwenda mbele bila yeye.

Tangu siku hiyo nimejifunza namna ya kuiimarisha misuli hii, nami nitawaeleza ninavyowafundisha wanafunzi wangu. Hapahitajiwi chuma wala mashine. Pahitajiwa mkeka, sakafu, jiwe, mwenzako wa kukushika, na mwalimu wa kutazama.

Anza na zoezi la kuinua makalio. Lala chali, ukunje magoti, nyayo ziwe chini. Inua makalio mpaka mabega, nyonga na magoti yawe katika mstari mmoja. Hesabu tatu, kisha shuka polepole. Fanya mara 10, pumzika, urudie. Ukiona ni rahisi, sogeza visigino mbali kidogo na makalio, nawe utasikia mara moja kazi imehamia nyuma ya paja. Baada ya wiki mbili tatu fanya kwa mguu mmoja, mwingine ukiwa umenyoshwa. Hapo ndipo utakapojua mguu wako upi ni mvivu, maana karibu kila mtu anao mmoja.

Zoezi jingine ni la kuinama kwa nyonga. Watazame akina mama wanaopandikiza mpunga. Hawapindi mgongo kama upinde. Hupeleka makalio nyuma, na kiwiliwili chote hukunjwa pale nyongani. Ndivyo utakavyofanya. Simama, ulegeze magoti kidogo, ukumbatie jiwe kifuani. Sukuma makalio nyuma kana kwamba wafunga mlango kwa makalio, mgongo usipindike, mpaka usikie mvuto nyuma ya mapaja. Kisha simama wima. Jiwe liwe dogo mwanzoni. Wavulana hupenda kuchagua jiwe kubwa ili waonekane, nami huwanyang'anya.

Lakini zoezi lililo kubwa kuliko yote ni lile la kuanguka polepole. Piga magoti juu ya mkeka uliokunjwa mara mbili au tatu. Mwenzako akae nyuma yako na kuvishika vifundo vya miguu yako, akikandamiza kwa uzito wake wote. Mwili wako uwe umenyoka toka magotini mpaka kichwani, mikono mbele ya kifua. Sasa jiache uende mbele polepole, ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja tu, bila kukunja nyonga. Utakwenda kidogo, kisha utafika mahali misuli itakaposhindwa, nawe utaanguka. Pokea kwa viganja, kama mtu anayepiga kifua chini, kisha jisukume kwa mikono urudi juu. Usijivute kwa miguu kurudi, kazi yetu ni ya kushuka.

Je, waona jinsi zoezi hili linavyofanana na kumteremsha mtoto kutoka mwembeni? Misuli inakaza, na huku inarefuka. Ni kazi ile ile inayofanywa mguu unaporushwa mbele katika mbio, ila hapa inafanywa polepole, kwa hiari, juu ya mkeka. Msuli hujifunza kazi ya hatari mahali pasipo na hatari. Kwa kazi hiyo nyuzi zake hurefuka na kupata nguvu zikiwa zimevutwa.

Zoezi hili limechunguzwa sana huko Denmark na Norwei. Mwaka 2011 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanywa Denmark juu ya wachezaji wa mpira 942 wa timu 50. Timu zikagawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilifanya zoezi la kuanguka polepole kwa majuma 10, kisha likaendelea kulifanya mara moja kwa juma. Fungu la pili liliendelea na mazoezi yake ya siku zote. Katika fungu la kwanza wachezaji walioumia nyuma ya paja walikuwa 15, na katika fungu la pili walikuwa 52, ingawa mafungu yalikaribiana kwa idadi ya watu. Wengi wa wachezaji hao walilalamika mwanzoni kwamba mapaja yanawauma, nanyi mtalalamika. Maumivu ya namna hiyo huja siku ya pili au ya tatu, yako pande zote mbili sawasawa, kisha huondoka. Maumivu mengine, yale yajayo ghafula kama kuchomwa kisu, tena upande mmoja, hayo si ya zoezi. Acha mara moja ukaseme kwa mwalimu.

Kwa sababu hiyo anza kwa kiasi kidogo sana. Wanafunzi wangu hufanya mara tatu, hupumzika, wakarudia mara tatu, basi. Juma la kwanza siku moja tu, baadaye siku mbili. Tunaongeza moja moja kila juma, na hatuzidi mara sita kwa zamu moja. Hatufanyi siku inayotangulia mashindano.

Wala usidhani misuli ya nyuma ya paja hukimbia peke yake. Makalio ndiyo mwenzake mkubwa, na zoezi la kupanda kipandio hufaa sana: weka unyayo mzima juu ya jiwe imara lenye kimo cha goti au chini yake, ujiinue kwa mguu huo bila kujirusha kwa mguu wa chini, ushuke polepole. Kuchuchumaa na kuinuka kunafaa mbele ya paja. Shavu la mguu na kano ya kisigino nazo hupata nguvu kwa kupanda juu ya ncha za vidole ukingoni mwa ngazi, mguu mmoja mmoja. Kuruka kamba mnakujua, sina haja ya kukueleza, ila wavulana waache kuwaachia wasichana peke yao.

Kisha yako mazoezi ya mbio zenyewe. Mtu hawi mwepesi kwa kulala chali na kuinua makalio maisha yake yote. Sharti akimbie kwa kasi, maana msuli usiokimbia kwa kasi husahau. Shule yetu iko karibu na mteremko, nasi huutumia. Tunakimbia kwenda juu, hatua 20 au 30 tu, kisha tunashuka kwa kutembea. Mlimani mguu haupati nafasi ya kurushwa mbali mbele, kwa hiyo misuli hufanya kazi ya kusukuma kwa nguvu bila kuvutwa sana. Kwa mwanafunzi anayeanza, mlima ni mwalimu mpole. Baada ya majuma kadha wa kadha tunahamia uwanjani.

Kila mbio ya kasi ifuatwe na mapumziko marefu, dakika mbili au tatu. Watoto hawapendi neno hili, hudhani mwalimu anawachelewesha. Lakini ukirudia kabla hujapumzika, hukimbii kwa kasi, wakimbia kwa uchovu, na msuli uliochoka hauwezi kuzuia mguu unaorushwa.

Sasa nalirudia neno la kupoa. Kabla ya mbio yoyote tembea, kisha kimbia polepole mpaka utoke jasho jepesi. Pindisha na kunyosha magoti, tupa mguu mbele na nyuma ukiwa umeshika mti, piga hatua ndefu za kuinua magoti. Kisha kimbia meta 40 mara tatu au nne, kila mara ukiongeza mwendo, ya mwisho iwe karibu na kasi yako yote. Hapo mwili umepata moto. Ukingojeshwa nusu saa, moto umekwisha. Anza tena, hata kama jua ni kali na wenzako wanakucheka. Kuinama na kugusa vidole vya miguu mara mbili tatu hakutoshi kabisa, ingawa ndiko tulikofundishwa utotoni.

Kama mtu ameumia, aache kukimbia papo hapo. Asikandwe, asitiwe maji ya moto, wala asinyoshwe mguu kwa nguvu. Tia kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika 10 au 15, ukirudia mara kadha siku hiyo. Funga kitambaa kipana, kisibane hata mguu ukafa ganzi. Umlaze mguu ukiwa juu ya mto. Ikiwa hawezi kutembea, au alisikia kitu kimelia kama kamba iliyokatika, au pale kwenye mfupa wa kukalia panauma, apelekwe zahanati siku ile ile. Siku zinazofuata atembee kidogo kadiri maumivu yanavyomruhusu, maana kulala tu majuma mengi nako hudhoofisha msuli.

Kurudi kiwanjani ndiko kugumu. Maumivu huondoka kabla msuli haujapona, na hapo ndipo wengi wanapoumia mara ya pili. Yule kijana wangu alitaka kukimbia juma la tatu, kwa sababu alikuwa anatembea vizuri. Nilimwambia alale chali, ainue makalio kwa mguu ule ulioumia. Aliinua mara nne, paja likaanza kutetemeka. Kwa mguu mwingine aliinua mara 15. Akaona mwenyewe, hakuuliza tena. Tulianza na kutembea, tukaja kwenye mbio za polepole, kisha tukafanya zoezi la mkeka, mimi mwenyewe nikimshika vifundo vya miguu kila Jumanne na Ijumaa baada ya masomo. Miguu yote miwili ilipolingana nilimruhusu nusu ya mwendo. Alikimbia kwa kasi yake yote juma la tisa, asubuhi, mimi nikiwa nimesimama kwenye alama ya meta 60. Alinipita pale bila kunitazama, na visigino vyake havikusikika.